Maziwa yamepita tarehe siku mbili na pua yangu haifanyi kazi. Naamuaje?

pua_likizoni

Habari zenu wadau. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu, maana najua jibu la kwanza litakuwa "nusa". Siwezi kunusa. Miaka mitatu iliyopita niliugua, homa ikaisha, mafua yakaisha, harufu haikurudi. Chakula kikiungua jikoni najua kwa moshi. Sabuni zote kwangu ni moja. Nimezoea, silalamiki, ila kitu kimoja kinanishinda mpaka leo, nacho ni maziwa.

Nina pakiti tatu mezani hapa naziangalia kama mwalimu anayesahihisha mitihani.

Ya kwanza ni maziwa freshi ya lita moja, yale ambayo lazima yakae kwenye friji. Imeandikwa "tumia kabla ya" tarehe 14. Leo ni 16. Niliifungua tarehe 11 asubuhi, imebaki nusu, na muda wote imekaa mlangoni mwa friji. Ya pili ni pacha wake, nilizinunua pamoja, tarehe ni hiyo hiyo, ila haijafunguliwa na ilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma. Ya tatu ni boksi la maziwa ya UHT, yale yanayokaa bila friji mpaka uyafungue, nililolisahau kabatini. Hilo limeandikwa "bora kabla ya", na tarehe yake imepita wiki tatu. Halijafunguliwa, halijavimba.

Sasa nyumbani kuna mama mkwe. Kwake tarehe ni ujanja wa wauzaji ili tununue mengine. "Sisi tulikunywa maziwa yasiyo na hata herufi moja, mbona tukakua?" Akiona namwaga kitu kwenye sinki anashika kiuno. Dawa yake kwa kila kitu ni moja: chemsha. Nikamuuliza, je nikichemsha haya nimpe wifi? (Wifi yangu anakuja kesho, ana mimba ya miezi sita.) Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo mpe mapya." Yaani mimi mkamwana nichemshe, mwanawe apewe mapya. Nimelipokea.

Kuna mtoto pia, wa kwangu, miaka minne, anayeweza kunywa maziwa mchana kutwa.

Mwezi uliopita nilikunywa nusu kikombe cha maziwa yaliyokwisha kuharibika, nikagundua pale tu madonge yalipofika kwenye ulimi. Sikuumwa. Lakini hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi, maana sijui kama nilibahatika au ndivyo ilivyo siku zote. Kwa hiyo swali langu: mtu asiye na pua anaamuaje? Tarehe ni sheria au ni makadirio? Na hii habari ya kuchemsha ina ukweli kiasi gani?

jirani_wa_friji

Nusa tu dada. Yakinuka mwaga, yasiponuka kunywa.

pua_likizoni

Kaka yangu, sentensi ya tatu na ya nne. Asante kwa kupita.

mpimaji_mstaafu

Umenichekesha. Ngoja nikujibu kwa utulivu, maana kazi hii niliifanya miaka kumi na moja, kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa, upande wa mapokezi. Gari linafika, mimi ndiye ninayesema lishushe au lirudi. Wakulima walinichukia na wakubwa wangu walinichukia pia, kila mmoja kwa siku yake.

Tuanze na maandishi yenyewe, kwa sababu umeyataja mawili tofauti na wengi huyaona kama kitu kimoja. "Tumia kabla ya" ni habari ya usalama: mtengenezaji anakwambia baada ya siku hiyo hathubutu kusimama nyuma ya bidhaa yake. "Bora kabla ya" ni habari ya ubora: ladha na rangi vinaanza kushuka, lakini si kwamba siku inayofuata ni sumu. Hata nchi zenyewe hazikubaliani. Marekani, kwa mfano, sheria ya nchi nzima hailazimishi tarehe kwenye maziwa ya kawaida, inalazimisha kwenye maziwa ya watoto wachanga tu. Uingereza, mwaka 2022, duka moja kubwa liliamua kuondoa "tumia kabla ya" kwenye maziwa yake mengi, likaweka "bora kabla ya", likawaambia wateja wanuse. Wewe ungebaki mlangoni.

Tarehe inapatikanaje? Haitoki mbinguni. Kila tunapopakia, tunabakiza pakiti chache za mkupuo ule tunaziweka kwenye friji yetu, tunazifungua siku ya tano, ya saba, ya kumi na kuendelea, tunapima na kuonja. Tukijua zinaanza kuchoka lini, tunarudi nyuma siku kadhaa, hapo ndipo muhuri unapigwa. Kwa hiyo ndani ya tarehe kuna akiba. Mama mkwe wako hajakosea kabisa. Kilichomponyoka ni kwamba akiba ile imepigwa hesabu ya maziwa yaliyofungwa, yaliyokaa kwenye nyuzi 4 au chini ya hapo, tangu kiwandani mpaka kwako. Ukishafungua kifuniko, au friji ikiwa ya uvuguvugu, au pakiti ikikaa saa mbili kwenye gari lenye joto, ile tarehe inasomwa na mtu ambaye mkataba wake umeshavunjika. Maziwa yanaweza kuharibika siku tatu kabla ya tarehe. Nimeona mara nyingi kuliko yaliyodumu siku tatu baada yake.

Maziwa freshi ya pakiti yamepashwa joto, mara nyingi nyuzi 72 kwa sekunde 15. (Njia hiyo inaitwa kwa jina la Pasteur, ingawa yeye mwenyewe alianza na divai.) Joto lile linaua vijidudu vya magonjwa na wengi wa wale wanaochachusha. Halimalizi wote. Kuna wanaojifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu wakasubiri mambo yapoe. Na kuna wengine wanaoingia baadaye, wakati wa kupakia au jikoni kwako, ambao ubaridi haukuwasumbua hata kidogo, wanakua polepole humo humo kwenye friji. UHT ni habari nyingine: nyuzi 135 na zaidi kwa sekunde chache, kisha yanafungwa kwenye boksi lisilo na kijidudu. Ndiyo maana linakaa kabatini miezi.

Sasa pakiti zako.

Boksi la UHT: halijavimba, halivuji, kona hazijabonyea, limepita wiki tatu tu za "bora kabla ya". Fungua, mimina kwenye glasi. Kama yametiririka sawasawa, yatumie. Huenda yakawa na rangi kama ya krimu kidogo na ladha ya kupikwa. Ukiona yamekuwa mazito kama uji, hiyo ni vimeng'enya vilivyosalia vimefanya kazi taratibu. Hata kama si uchafu, mwaga. Na ukishalifungua, linakuwa maziwa freshi kama mengine: friji, na siku chache tu. Watu wanalifungua boksi la UHT wakaliacha mezani kwa sababu "si lilikuwa kabatini". Hapana.

Ile isiyofunguliwa, siku mbili baada ya tarehe, chini nyuma ya friji: kimaabara ningeipa nafasi, baada ya kuipima. Kiusalama, mtengenezaji amekwambia asikuone. Ukiitumia, itumie leo, kwa watu wazima wenye afya, si kwa wifi wala mtoto.

Ile iliyofunguliwa tangu tarehe 11 na kukaa mlangoni: hiyo ningeimwaga bila mkutano. Mlango ndio sehemu yenye joto kuliko zote kwenye friji, na kila anayetafuta maji ya kunywa anaufungua. Lakini najua mama atashika kiuno, kwa hiyo nitakupa vipimo visivyohitaji pua.

Kipimo cha kwanza tulikitumia kila siku mapokezi. Chukua vijiko viwili vya maziwa kwenye kisufuria, yachemshe mpaka yatokote. Yakikatika, yaani ukiona chembe zinajitenga na maji, yana asidi nyingi. Maziwa mazima yana pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, asidi imeongezeka) kama 6.6 au 6.8. Protini yake hujikunja na kuganda yenyewe ikifika karibu na 4.6, lakini ukiyapa moto hayasubiri kufika huko, yanakatika mapema zaidi. Kwa hiyo moto unakuonyesha uchachu ambao macho hayajauona. Usipime kwa kuyatia kwenye kahawa: kahawa yenyewe ina asidi, inaweza kuyakata hata yale yasiyo na kosa kubwa.

Kipimo cha pili ni ulimi. Dada, pua ndiyo iliyokufa, ulimi mzima. Uchachu, uchungu, chumvi na utamu vinajulikana ulimini. Weka tone, lizungushe mpaka nyuma ya ulimi, tema, sukutua. Ukihisi uchachu, basi. Ukihisi uchungu, basi zaidi. Hapa nataka uelewe vizuri: siyo maziwa yote yanayoharibika yanachacha. Vile vijidudu vya ubaridini vinakula protini na mafuta, vinaacha uchungu, na asidi hawatoi ya maana. Maziwa hayo yanaweza kuchemka bila kukatika ukafurahi bure. Kwa hiyo vipimo viwili, si kimoja.

Pakiti iliyovimba haina kipimo. Usiionje. Gesi ile imetengenezwa na kitu kinachoishi.

tabu_hamna

Mpimaji umeandika kitabu. Mimi nakunywa maziwa ya wiki nzima baada ya tarehe tangu niko shule, leo nina miaka arobaini na mbili. Nikikuta yamekuwa madonge natikisa. Mnaogopa sana siku hizi.

mpimaji_mstaafu

Sikatai. Tumbo lako lina historia yake na friji yako pengine ina baridi kuliko ya wengi. Mengi yanayoharibu maziwa yanaharibu ladha tu, hayaumizi mtu mzima mwenye nguvu. Ndiyo maana dada alikunywa nusu kikombe asiumwe. Ila kutikisa madonge, hapo umenishinda.

zamu_ya_usiku

Nimetoka kazini sasa hivi, mimi ni muuguzi, nitaandika kabla usingizi haujanichukua.

Mjamzito kwanza. Kuna bakteria anaitwa Listeria. Bakteria wengi wanazuiwa na friji, huyu anaendelea kukua humo. Mtu mzima wa kawaida anaweza kumeza asijue. Mjamzito anaweza kupata homa ndogo na maumivu ya mwili, akadhani ni mafua tu, huku mtoto tumboni ndiye anayeshambuliwa. Mimba inaweza kutoka. Na dalili zinaweza kuchelewa wiki nyingi, mpaka mtu hakumbuki alikula nini. Kwa hiyo wifi yako afunguliwe pakiti mpya iliyo ndani ya tarehe, siku hiyo hiyo. Mama mkwe wako kwa hilo alisema kweli, japo kwa sababu zake. Wazee sana na wenye kinga dhaifu waingize kundi hilo hilo. Umri wa mama ni miaka mingapi? Maana yeye ndiye anayetetea pakiti, na huenda yeye ndiye hapaswi kuinywa.

Pili, kuchemsha. Kuchemsha kunaua bakteria walio hai, Listeria akiwemo. Lakini kuna bakteria ambao kabla ya kufa wameshaacha sumu, na baadhi ya sumu hizo hazijali moto. Ya Staphylococcus ni mojawapo. Ya kutapisha inayotoka kwa Bacillus cereus ni nyingine. Unachemsha, unawaua waliotengeneza, mzigo wao unabaki kwenye kikombe. Japani mwaka 2000 watu zaidi ya 13,000 waliugua kwa maziwa. Chanzo kilikuja kujulikana: umeme ulikatika kwenye kiwanda cha maziwa ya unga, maziwa yakakaa na joto kwa saa kadhaa, Staphylococcus wakazaliana. Baadaye yakapashwa joto kama kawaida, bakteria wakafa. Unga ule ukatumika kutengenezea maziwa mengine, sumu ikiwa bado nzima. Vipimo vya bakteria visingekwambia kitu, maana hawakuwepo tena.

Kwa hiyo ukiniuliza nichemshe au nisichemshe, mimi nauliza yalikaa wapi kabla. Maziwa yaliyosahaulika mezani zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ya joto kali, usiyarudishe kwenye friji ukajidai kesho utachemsha.

Mtoto wa miaka minne si mchanga, lakini akitapika na kuhara anakaukiwa maji haraka kuliko wewe. Usimfanye mpimaji. Na kwa wenye wachanga wanaosoma hapa: maziwa ya unga ya mtoto yakipita tarehe hayana majadiliano, hata kopo likiwa limefungwa, kwa sababu virutubisho vinapungua na mtoto hana chakula kingine. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunyonya, mwaga ndani ya saa moja. Mate yameshaingia.

Nalala.

pua_likizoni

Mama ana miaka sabini na moja. Nimemsomea hilo la umri. Kajibu kwamba muuguzi ni mtoto mdogo. Pumzika dada, asante sana.

mkono_wenye_unga

Naoka keki kwa biashara ndogo. Nina swali na jibu kwa pamoja. Maziwa yaliyochacha kidogo mimi huyaingiza kwenye keki: kikombe kimoja cha maziwa, nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, asidi na magadi vinapambana vinatoa gesi, keki inapanda na inakuwa laini. Nimefanya miaka. Baada ya kusoma ya Japani nimeshtuka. Niache?

mpimaji_mstaafu

Inategemea uchachu umetoka wapi. Zamani maziwa mabichi yalipoachwa yalichachuliwa na bakteria wa asidi waliomo ndani, yakawa mtindi, na asidi yenyewe ikawafukuza wengine. Maziwa ya pakiti yamepashwa joto, bakteria wale wengi wameondoka. Nafasi yao inachukuliwa na yeyote anayepita. Kwa hiyo maziwa ya pakiti yaliyozeeka si mtindi, hata yakifanana nao. Ukitaka mtindi, chukua maziwa mazuri uweke kijiko cha mtindi hai, usingoje uzee ukufanyie.

Kwako: yaliyokaa kwenye friji muda wote, yakaanza uchachu mwepesi, hayana uchungu, hayana kamasi wala rangi ngeni, unakula mwenyewe nyumbani, mimi nisingekusumbua. Lakini ya kuuza? Unajua mteja wako ni nani? Weka kijiko cha siki au limau kwenye kikombe cha maziwa mazima, subiri dakika tano, magadi yatapambana vile vile.

mkono_wenye_unga

Limau. Sawa. Aibu kidogo lakini sawa.

jirani_wa_friji

Nimerudi, nimesoma sasa, samahani dada. Ila nina kitu cha maana safari hii. Kabla hujalaumu maziwa pima friji. Ile namba ya 1 mpaka 5 kwenye kitufe si nyuzi, ni nguvu ya ubaridi, na kwenye nyingi 5 ndiyo baridi zaidi. Mimi niliishi na 1 mwaka mzima nikidhani nyuzi 1 ni safi kabisa. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, ilaze usiku kucha, asubuhi soma. Ukikiweka hewani kinadanganya kila mlango unapofunguliwa.

Na kama maziwa yanakuzidi, yagandishe kabla ya tarehe, siyo baada. Mimina kwenye chombo, acha nafasi juu maana barafu inatanuka. Yeyushia ndani ya friji, siyo mezani. Yatajitenga kidogo, tikisa. Kwa kunywa hivi hivi siyapendi, kwa chai na kupikia sioni tofauti.

pua_likizoni

Umesamehewa kwa kitufe tu. Changu kilikuwa kwenye 2.

Majibu ya asubuhi, kama mlivyonielekeza. Kipimajoto cha jikoni nilikiweka usiku kwenye glasi mlangoni, na kingine cha jirani kwenye glasi rafu ya chini nyuma. Mlangoni: nyuzi 9. Chini nyuma: nyuzi 4. Yaani kwenye friji moja nilikuwa na majira mawili ya mwaka. Miaka yote maziwa yanakaa mlangoni kwa sababu mlango una shimo lenye umbo la maziwa! Aliyeuchora hakuwahi kuongea na mpimaji.

Pakiti iliyofunguliwa. Nilichemsha vijiko viwili, mama amesimama pembeni kama mwamuzi. Hayakukatika. Laini kabisa, mpaka utando juu. Mama akasema, "Si nilikwambia?" Nikachukua tone ambalo halijachemshwa, nikaweka ulimini. Mwanzo hamna kitu. Nikalipeleka nyuma kama alivyosema mpimaji, nikasubiri. Uchungu ukaja polepole, kama nimetafuna ganda la limau. Nikatema. Nikamwambia mama anuse, akanusa, akasema hayana harufu ya ajabu. Akaonja. Akatulia. Akaenda mwenyewe kwenye sinki akamwaga, na hakusema neno, na mimi pia sikusema, ingawa nilitamani.

Nikiwa peke yangu ningepima kwa moto tu na kuyanywa na chai.

Pakiti isiyofunguliwa: hayakukatika, hayana uchungu, hayana uchachu. Nimeyatia kwenye chai yangu na ya mume wangu leo, yaliyobaki yamekwisha jikoni leo leo. Boksi la UHT lilikuwa na rangi ya krimu kweli, zuri, nimeliandika kwa kalamu ya wino mzito "limefunguliwa 17 asubuhi". Sasa kila kitu humu ndani kina tarehe ya kufunguliwa. Mtoto ameomba na yeye aandikwe.

Wifi kafunguliwa pakiti mpya. Kaniuliza kwa nini naishika kama yai, nikamwambia ni hadithi ndefu.

mpimaji_mstaafu

Uchungu bila kukatika. Umefaulu mtihani ambao vijana wangu wengi walifeli wiki ya kwanza. Siku ukipata mtu mwenye pua, mtumie pia, usiringe. Pua inakamata mambo mapema kuliko ulimi.

pua_likizoni

Ndiyo tulivyokubaliana. Mama ameteuliwa kuwa pua ya nyumba, kazi kaipokea kwa furaha, jana jioni kanusa mpaka siagi na mayai mabichi. Leo kaamka na mafua.